Kusimamisha wimbo bila kutoka kwenye Word: tupeane vitufe vya kuendesha muziki kwenye kompyuta

#1 Mchapaji wa Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina steshenari jirani na chuo hapa Morogoro. Kazi yangu kubwa ni kuchapa na kupanga ripoti za wanafunzi, na muziki haukatiki tangu nafungua hadi nafunga: dansi la zamani asubuhi, taarab jua likishakuwa kali. Tatizo linakuja mteja anapoingia. Ili nimsikie, inabidi nishushe Word, nitafute dirisha la muziki, nibofye alama ya kusimamisha, ndipo nimwambie "karibu". Akiondoka narudia safari ile ile. Siku za mwisho wa muhula, foleni ikiwa imefika mlangoni, hiyo ni kazi ya pili kabisa.

Waliokaa kwenye intaneti kafe enzi zile wataikumbuka programu ya muziki ya Winamp. Ile safu ya chini ya herufi ilikuwa ndiyo redio yetu: Z wimbo uliopita, X cheza, C simamisha kidogo, V zima, B wimbo unaofuata. Ila ilikuwa lazima dirisha la Winamp liwe mbele. Ukiwa unaandika barua, Z ni Z tu. Mkato wa kibodi wa namna hiyo nauita mkato wa ndani. Ninachozungumzia kwenye uzi huu ni mkato wa popote: unabonyeza ukiwa ndani ya Word, Excel au kivinjari, na programu ya muziki iliyojificha huko nyuma inatii.

Mimi natumia programu ya muziki ya foobar2000 kwenye Windows 10. Ni ya bure, nyepesi, na mashine yangu ni ya zamani. Nilifanya hivi: File, kisha Preferences, kisha ukurasa wa Keyboard Shortcuts. Bofya Add New. Kwenye orodha ya vitendo fungua Playback uchague Play or pause. Nenda kwenye kisanduku cha Key ubonyeze vitufe unavyotaka. Halafu, na hapa ndipo wengi hupitiwa, weka tiki kwenye Global hotkey. Bila tiki hiyo utakuwa umetengeneza mkato wa ndani, na utakaa unabonyeza ukiwa Word bila kuona chochote. Rudia kwa Next na Previous, kisha Apply.

Mara ya kwanza nilichagua Ctrl+Alt+1, Ctrl+Alt+2 na Ctrl+Alt+3. Niliona ni rahisi kukumbuka. Siku mbili mambo yakaenda vizuri. Siku ya tatu akaja mwanafunzi na ripoti ya kurasa zaidi ya themanini, anataka vichwa vipangwe ili yaliyomo yajitengeneze yenyewe. Mimi vichwa huwa sivipangi kwa kipanya. Kwenye Word, Ctrl+Alt+1 ni kichwa cha daraja la kwanza, 2 ni la pili, 3 ni la tatu. Nikabonyeza, muziki ukakatika, kichwa hakikubadilika. Nikabonyeza tena, muziki ukarudi, kichwa kiko vile vile. Dada wa watu amesimama pale anaangalia saa yake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba vitufe vile nilikuwa nimemnyang'anya Word kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Kuweka mkato ni dakika mbili. Kuchagua vitufe ambavyo havina mwenyewe ndiyo kazi. Kwa sasa nimehamia kwenye kitufe cha Pause, kile kilicho juu kulia kwenye kibodi kubwa, karibu na Scroll Lock. Miaka yote sijawahi kukigusa, jina lake ndilo hilo hilo ninalolitaka, na kidole kimoja kinatosha. Kwa wimbo unaofuata na uliopita nimeweka Ctrl+Alt+PageDown na Ctrl+Alt+PageUp.

Swali langu: kompyuta mpakato ninayoitumia nyumbani haina kitufe cha Pause. Nyie mnatumia nini?

---

#2 Binti Kihonda

Mkuu uzi umekuja wakati wake. Mimi natumia VLC kwa muziki na video. Jana nilienda Tools, Preferences, Hotkeys, nikaona safu mbili, moja Hotkey nyingine Global. Nikaweka Space kwenye Global kwenye mstari wa Play/Pause, maana Space ndiyo niliyozoea. Tangu hapo nikiandika popote maneno yanashikana, nafasi haziingii. Nilidhani kibodi imekufa. Hapa naandika kwa simu.

---

#3 Mchapaji wa Moro

Kibodi yako ni nzima, Binti Kihonda. Ukiweka kitufe kwenye Global, VLC inakichukua kabla ya programu nyingine yoyote. Kwa hiyo kila ukibonyeza Space ndani ya Word, nafasi inaishia VLC, na nadhani video imekuwa ikisimama na kuendelea bila wewe kujua. Rudi pale pale, uiondoe Space kwenye safu ya Global, uiache kwenye safu ya Hotkey kama ilivyokuwa. Kwenye Global weka mchanganyiko wenye Ctrl na Alt. Ukimaliza hifadhi, ufunge VLC na kuifungua upya.

Herufi moja peke yake, tarakimu moja peke yake, Space, Enter: visiwekwe kabisa kwenye mkato wa popote.

---

#4 Binti Kihonda

Nafasi zimerudi. Ahsante sana, Mungu akubariki.

---

#5 Fundi wa Makumbusho

Niongezee kidogo jinsi Windows yenyewe inavyofanya, kwa sababu ukilijua hili huhitaji kubahatisha.

Programu ya muziki ikiwashwa, inapeleka ombi kwa Windows: "mchanganyiko huu ukibonyezwa, niite mimi". Ombi hilo kwa waandishi wa programu linaitwa RegisterHotKey. Windows inatazama kama kuna mwingine aliyeshauandikisha mchanganyiko huo. Kama yupo, ombi linakataliwa. Aliyewahi ndiye mwenye nacho, na anabaki nacho mpaka afungwe. Ndiyo sababu mkato unaweza kufanya kazi leo na kugoma kesho: leo programu ya muziki iliwashwa kwanza, kesho imetanguliwa na nyingine inayotaka vitufe hivyo hivyo.

Lakini tazama tofauti na kisa cha mwanzisha uzi. Ctrl+Alt+1 ya Word ni mkato wa ndani, haikuandikishwa popote. Kwa hiyo Windows haikuona mgongano wowote, ikampa foobar2000 bila kuuliza. Migongano ya aina hii hakuna atakayekuonya. Utaigundua siku ya kazi, kama ilivyomkuta.

Vya kuepuka: F12 peke yake, kwa kuwa Windows imeitenga kwa ajili ya zana za wanaotafuta makosa ya programu. Michanganyiko yenye kitufe cha Windows, hiyo ni ya mfumo wenyewe. Ctrl+Alt na mishale, kwa sababu kwenye mashine nyingi za zamani programu ya kadi ya picha huitumia kugeuza skrini. Ukibonyeza mshale wa chini skrini inasimama kichwa chini miguu juu. Na kama unaingia kwenye seva kwa Remote Desktop, usiguse Ctrl+Alt+End, kule ndiyo inayosimama badala ya Ctrl+Alt+Delete.

Kwa wenye kompyuta mpakato, kabla ya kutengeneza chochote angalia safu ya vitufe vya F1 hadi F12. Nyingi zina alama za muziki, pembetatu na mistari miwili. Kama hazifanyi kazi mpaka ushike Fn, kwenye Dell na Lenovo nyingi jaribu Fn+Esc, inageuza safu yote. Kwenye HP nyingi utaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F10 wakati wa kuwasha, utafute Action Keys Mode chini ya System Configuration.

---

#6 Mchapaji wa Moro

Fundi, umenifungua macho kwenye hilo la Word kutoandikishwa. Nilikuwa najiuliza mbona foobar2000 haikunikatalia.

Ya nyumbani ni Lenovo, na Fn+Esc imekubali. Ila kuna jambo. Nikiwa nimefungua video kwenye kivinjari, kitufe cha muziki kinasimamisha video badala ya foobar2000. Nikifunga kivinjari kinarudi kwa foobar2000. Kwa nini?

---

#7 Fundi wa Makumbusho

Kwa sababu kitufe chenye alama ya muziki hakisemi kinamtaka nani. Kinasema "cheza au simamisha" tu, na Windows inampelekea anayeonekana ndiye anayecheza kwa wakati huo. Chrome imeanza kusikiliza vitufe hivyo tangu toleo la 73 mwaka 2019, Firefox tangu toleo la 81 mwaka 2020. Kabla ya hapo kivinjari hakikuwa kwenye mashindano.

Ukitaka Chrome ijitoe, andika chrome://flags kwenye sehemu ya anwani, tafuta Hardware Media Key Handling, chagua Disabled, ufungue Chrome upya. Kwenye Firefox andika about:config, tafuta media.hardwaremediakeys.enabled, uigeuze iwe false.

Au achana na vitufe vya muziki, ubaki na mkato wako wa Global ndani ya foobar2000. Huo unaenda kwa foobar2000 tu. Binafsi nautaka huo.

---

#8 Ndugu wa Buja

Jambo ndugu zangu, nawasoma kutoka Bujumbura. Ninaomba mtukumbuke na sisi wa kibodi za Kifaransa, zile zinazoanza na AZERTY.

Nilifuata ushauri wa Ctrl+Alt kwenye mtandao miezi iliyopita. Nikaweka Ctrl+Alt+0 kwa kusimamisha wimbo. Nikaingia kwenye barua pepe, nikataka kuandika anwani, alama ya @ ikakataa. Kila nikijaribu, wimbo unasimama. Nilitafuta sababu siku nzima.

Sababu ni hii. Kwenye kibodi yetu @ inapatikana kwa kushika AltGr, ile Alt ya kulia, pamoja na kitufe cha 0. Na kwa Windows, AltGr ni sawa na Ctrl na Alt zikishikwa pamoja. Kwa hiyo Ctrl+Alt+0 na @ ni kitu kimoja. Vivyo hivyo Ctrl+Alt+3 ni alama ya reli (#), na Ctrl+Alt+E ni alama ya yuro. Ukizigawa kwa muziki umejifungia milango ya kuandika.

Nyinyi wa kibodi ya Kimarekani hamlioni hili kwa sababu Alt zenu mbili hufanya kazi moja. Lakini mtu wa Lubumbashi au Goma akisoma uzi huu na kuiga, atapata shida niliyoipata mimi.

---

#9 Mchapaji wa Moro

Ndugu wa Buja, karibu sana, na pole kwa siku hiyo nzima. Hilo nisingelijua hata kwa miaka kumi. Ctrl+Alt+PageDown na PageUp zitakufaa? Hizo hazina herufi wala alama ya kuzaa.

---

#10 Ndugu wa Buja

Zinafaa. Nimezijaribu sasa hivi, @ iko salama.

---

#11 Maalim wa Kisauni

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu nisiyeona, niko Mombasa, na kompyuta naitumia kwa kisoma skrini cha NVDA. Mada hii kwetu sisi ni nzito kuliko mnavyodhani. Muziki ukicheza, sauti ya NVDA inazama. Mwenzangu anayeona ataangalia skrini huku wimbo ukiendelea. Mimi wimbo ukinizidi nguvu nimebaki gizani hasa. Kwa hivyo kitufe cha kusimamisha muziki papo hapo ni kitufe cha kuniwezesha kusoma.

Nina mambo mawili ya kuwaambia mnaowawekea wengine kompyuta. Kwanza, msimpe mtu Ctrl+Alt+N kwa wimbo unaofuata. Najua N ni rahisi kukumbuka, lakini Ctrl+Alt+N ndiyo inayowasha NVDA. Kisoma skrini kikizimika ghafla, huo mkato ndio kamba yetu ya kushika. Ukiuchukua kwa ajili ya muziki, umemwacha mtu mbele ya mashine iliyonyamaza. Pili, Insert na Caps Lock nazo ziacheni. Ndizo NVDA hutumia kwa amri zake.

Mimi hutumia foobar2000 pia, kwa kuwa menyu zake zinasomeka vizuri. Nimeweka mikato mitatu ya popote: kusimamisha, kupunguza sauti ya muziki, kuongeza. Chini ya Playback mna Volume, na ndani yake Up na Down. Huo wa kupunguza ndio ninaoutumia zaidi kuliko wa kusimamisha. Sitaki wimbo ukatike, nataka uinamishe kichwa kidogo nisikilize.

---

#12 Mchapaji wa Moro

Waaleikum salaam Maalim. Shikamoo, na ahsante sana. Hilo la kupunguza sauti badala ya kusimamisha halikunijia akilini hata mara moja, na ndilo ninalolihitaji dukani. Mteja akiuliza bei tu, kwa nini nimkatishe mwimbaji?

---

#13 Maalim wa Kisauni

Marahaba. Ukiushika mkato huo kwa muda mrefu utaona sauti inashuka taratibu. Inapendeza.

---

#14 Kijana wa Rongai

Sasa wadau. Watu wa Linux tumesahaulika, wacha niweke yetu. Natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na deskitopu yake ya GNOME.

Kwenye Ubuntu za siku hizi, skrini inaendeshwa na Wayland, na Wayland hairuhusu programu isikilize vitufe wakati haiko mbele. Ni kwa usalama, ili programu moja isichungulie nenosiri unaloandika kwenye nyingine. Kwa hivyo zile safu za Global za VLC unaweza kuzijaza na zisifanye kitu. Mkato unampa GNOME mwenyewe, halafu yeye ndiye anaipigia programu ya muziki.

Njia ya haraka: Settings, Keyboard, View and Customize Shortcuts, Sound and Media. Utakuta mistari ya kucheza, wimbo unaofuata, uliopita. Bofya mstari, bonyeza vitufe vyako, basi.

Ukitaka kuchagua programu gani itii, weka programu ndogo ya playerctl kwa kuandika hivi kwenye terminali, lile dirisha la amri:

sudo apt install playerctl

Kisha kwenye terminali andika playerctl -l uone majina ya programu za muziki zilizo wazi. Halafu kwenye Custom Shortcuts ongeza mkato wenye amri kama hii:

playerctl --player=vlc play-pause

Badilisha play-pause iwe next au previous. Sauti ni playerctl --player=vlc volume 0.05- kupunguza, na 0.05+ kuongeza. Inafanya kazi kwa programu yoyote inayozungumza MPRIS, lugha ya pamoja ya programu za muziki kwenye Linux. VLC inaizungumza, Rhythmbox pia, hata cmus ya kwenye terminali.

Ctrl+Alt na mishale huku pia usiguse, GNOME inaitumia kuhama kutoka eneo moja la kazi kwenda jingine.

---

#15 Karani wa Zamu

Kazini kwetu hatuna ruhusa ya kusakinisha programu mpya, ila foobar2000 tayari ipo. Kuna njia isiyogusa mipangilio ya foobar2000 kabisa. Tengeneza ikoni ya mkato kwenye deskitopu, na kwenye Target andika:

"C:\Program Files\foobar2000\foobar2000.exe" /playpause

Hakikisha njia ya folda ni ile ya mashine yako. Bofya kulia kwenye ikoni, Properties, kisha kwenye kisanduku cha Shortcut key bonyeza herufi. Windows itaongeza Ctrl+Alt yenyewe. Kwa ikoni nyingine weka /next au /prev. Ikoni ziache hapo hapo kwenye deskitopu, ukizipeleka kwenye folda la kawaida vitufe havisikiki. Kuna kuchelewa kidogo kati ya kubonyeza na wimbo kusimama, lakini kazi inafanyika.

---

#16 Fundi wa Makumbusho

Nzuri hiyo. Na hizo amri za /playpause zinanikumbusha jambo litakalowafaa mwanzisha uzi kwenye Lenovo yake na Ndugu wa Buja pia.

Kuna programu ya bure inaitwa AutoHotkey. Unaandika faili la maandishi lenye kiishio cha .ahk, nayo inatekeleza. Uzuri wake ni kwamba inatofautisha Ctrl ya kulia na ya kushoto, jambo ambalo mikato ya kawaida ya Windows haiwezi. Wachapaji wengi Ctrl ya kulia hawaigusi. Basi ipeni muziki:

#Requires AutoHotkey v2.0
fb := '"C:\Program Files\foobar2000\foobar2000.exe"'
>^Space::Run fb ' /playpause'
>^Right::Run fb ' /next'
>^Left::Run fb ' /prev'

Ile alama ya > maana yake ni upande wa kulia, ^ ni Ctrl. Ctrl ya kushoto na mishale inabaki kuruka neno kwa neno ndani ya Word kama kawaida. Na kwa kuwa amri inaenda moja kwa moja kwa foobar2000, kivinjari hakiwezi kuidaka. Kwa AZERTY hakuna shida: AltGr inajifanya Ctrl ya kushoto, haigongani na hii.

Ili iwake yenyewe kila asubuhi, bonyeza Win+R, andika shell:startup, uweke ikoni ya mkato ya faili hilo ndani ya folda litakalofunguka.

---

#17 Ndugu wa Buja

Fundi, hii nimeipenda kabisa. Imekubali mara ya kwanza.

---

#18 Mchapaji wa Moro

Wakuu, nimerudi baada ya wiki nzima ya kazi.

Dukani: Pause inasimamisha na kuendeleza. Ctrl+Alt+PageDown wimbo unaofuata, Ctrl+Alt+PageUp uliopita. Na kwa ushauri wa Maalim nimeongeza viwili vya sauti, Ctrl+Alt pamoja na alama ya kutoa na ya kujumlisha za upande wa tarakimu, kule kulia. Zile za safu ya juu nimeziacha, sikutaka kuchanganya na kuchapa. Kwenye Word Ctrl+Alt na alama ya kutoa ya upande ule huweka kistari kirefu, nalijua hilo, ila mimi kistari hicho nakipata kwa menyu na siyo kazi ya kila siku. Mwenye kukitumia sana achague kingine.

Nyumbani: faili la Fundi, Ctrl ya kulia.

Kabla ya kukubali kitufe chochote, sasa nafanya hivi: nafunga programu ya muziki, nafungua Word, nabonyeza mchanganyiko ninaoutaka. Kukitokea jambo ninalolitumia, una mwenyewe, nautafuta mwingine. Kisha narudia Excel, na kwenye kivinjari. Ningelifanya hivyo mwanzo, ripoti ya yule dada ingetoka mapema.

Alirudi juzi kuchapisha nakala za kufunga jalada. Alipoingia nikashusha sauti bila kuinua macho kwenye skrini, akaniuliza redio imejuaje kwamba amefika.

Maalim, nina swali moja bado. Shangazi yangu macho yamepungua sana na anataka kuanza kutumia NVDA. Kwenye kibodi yake Pause ipo. Nikimwekea foobar2000 kwa Pause, kuna amri ya NVDA nitakayoiharibu?

---

#19 Maalim wa Kisauni

Pause peke yake mimi huitumia kwa kazi hiyo hiyo na haijanisumbua. Muhimu umwekee na ule wa kupunguza sauti, na umfundishe huo kabla ya mwingine wowote. Mwambie Ctrl+Alt+N pia, aishike kwa vidole mpaka aizoee. Akikwama nitumie ujumbe wa faragha hapa hapa, nitazungumza naye mwenyewe.